Chuma Kinacholia Kabla ya Kiberiti

Kwa miaka arobaini na mmoja Georgette hakuwahi kuwasha jiko lake mwenyewe, na sasa jambo hilo lilikuwa karibu kumkosesha jiko lenyewe.

Lilikuwa jiko la chuma, la kuni, lenye bomba la moshi lililotoboa paa la nyumba yao ya Muhumba, mjini Bukavu. Mumewe Zagabe, fundi wa mashine kule Lwiro, alilileta walipohamia, na tangu siku hiyo hakumruhusu mtu kuligusa. Kila alfajiri aliamka yeye, akaliwasha yeye, akamletea mkewe kahawa kitandani. Wanawake wa jumuiya walimcheka Georgette: mke gani huyu wa kupikiwa? Naye akacheka nao, huku moyoni akijiona malkia. Baridi ya Bukavu asubuhi haina utani, lakini katika nyumba ile hakuna aliyevaa sweta.

Zagabe alifariki kabla ya Pasaka. Tangu hapo, kila Georgette alipojaribu kuwasha, moshi ulimrudia usoni na kujaa nyumba nzima. Wiki iliyopita jirani alimkuta barazani, macho mekundu, akikohoa hata kusema hawezi. Mwanawe Willy, mtu wa ofisi asiye na maneno mengi, akakata shauri kwamba Jumamosi jiko lile litaondolewa.

"Maman, moshi itakuua. Samedi nakuya na batu, tunatosha hii jiko. Nitakuletea ya gaz."

Haki yake isemwe: hakukosea. Lakini Georgette alisikia kama wanakuja kumzika Zagabe mara ya pili.

Ijumaa akaja mdogo wake Eulalie kutoka Katana, aliyepikia mafiga maisha yake yote na asiyeogopa moto wowote.

"Yaya, papa Zagabe alikuwa anawasha namna gani?" akamuuliza dada yake.

"Mi nitajua wapi? Nilikuwa mu kitanda!"

Aibu ikamshika, halafu akaanza kufikiri. Kweli, hakuwahi kuona. Lakini alikuwa amesikia. Asubuhi zote zile, blanketi likiwa limefika kidevuni, alikuwa amesikia kila kitu.

Akaenda chumbani, akapanda kitandani na nguo zake za mchana, akafumba macho. "Eulalie! Anza!"

Jikoni gazeti likakunjwa. Sawa. Vijiti vikavunjwa. Sawa. Kiberiti kikakwaruza.

"Hapana! Zima! Umeruka kitu. Mbele ya kiberiti kulikuwa chuma inalia. Kriiii!"

"Chuma gani? Humu mote iko chuma!"

"Tafuta ile inalia!"

Eulalie akatikisa mlango wa jiko. Siyo. Akavuta sahani ya majivu. Siyo. Akagonga sufuria, kwa hasira tu. "Hiyo unanichezea," Georgette akapaza sauti. Ndipo Eulalie alipoinua kitambaa cha kufutia vyombo kilichotundikwa kwenye bomba tangu msiba, akakuta chini yake si ndoano, kama walivyodhani, bali kipini. Akakishika kwa mikono miwili, akakizungusha. Chuma kikalia.

Georgette akaketi wima. Ilikuwa sauti ile ile.

Kumbe ndani ya bomba kulikuwa na kifuniko. Zagabe alikifunga kila jioni majivu yakishapoa kabisa, ili upepo wa baridi usishuke, na alikifunga jioni ile ya mwisho pia. Hakuna aliyekifungua tena. Miezi yote hiyo Georgette alikuwa akiwasha moto chini ya mlango uliofungwa. Alicheka mpaka akalia.

Wakarudia. Gazeti, vijiti, chuma, dirisha likafunguliwa kidogo, kiberiti. Safari hii moshi ukapanda. Kuni zilipoanza kutoa povu na mlio wa sss, akapiga kelele kutoka kitandani kwamba za Zagabe hazikulalamika hivyo. Eulalie akaziondoa hizo mbichi na kuleta zile kavu zilizopangwa ukutani tangu mwaka jana. Moto ulipokolea, Georgette akakumbuka kwamba chuma kililia tena, kwa kifupi. Kifuniko kikarudishwa nusu tu: joto likabaki, moshi ukaendelea kutoka.

Jumamosi aliwasha yeye mwenyewe, peke yake. Willy alipoingia na watu wawili, jiko lilikuwa linawaka.

"Haibebeki," mama akasema. "Iko moto."

Willy akatazama dari, akanusa. Hapakuwa na moshi. Lakini hakulainika.

"Leo iko muzuri. Na siku utasahau, maman? Nani atakukuta? Tutangoja ipoe."

Hofu ile ilikuwa yake Georgette pia. Akageukia moto, akaona umekolea. Akanyoosha mkono, akazungusha kipini. Chuma kikalia.

"Niko naamuka, papa," Willy akasema.

Maneno yalimtoka kabla hajajua. Mtu wa miaka thelathini na tisa, funguo za gari mkononi. Chumba chake cha utoto kilikuwa nyuma ya ukuta ule, na kwa miaka yote ya shule chuma kile ndicho kilichomwamsha. Wale watu wawili wakatazama chini.

Mama akamvutia kiti. Willy akaketi, akafunika uso, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akamlilia baba yake. Alipomaliza, akawaambia watu wake waende nyumbani, kisha akasimama mbele ya bomba.

"Nionyeshe," akasema. "Nitakuwa nakuya kila asubuhi."