Bahasha ya Kisambala

Tangu mkewe Brigitte afe, Adalbert Mumba alikuwa akiuza stempu zake, ukurasa baada ya ukurasa, kama mtu anayebomoa ukuta tofali moja moja. Hakuwa na shida ya fedha. Alikuwa karani wa mizigo kwenye reli, mshahara wake ulimtosha mtu mmoja, na sasa alikuwa mtu mmoja. Aliuza kwa sababu albamu ilikaa mezani, na kila alipoketi kula aliiona.

Brigitte alikuwa amekwenda kujifungulia kwa mama yake, jinsi mimba ya kwanza inavyotakiwa, huko Kisambala, kambi ndogo ya mgodi wa bati mbele ya Mitwaba. Mwezi wa nne telegramu ilimkuta Adalbert kazini. Brigitte alikuwa amefariki, yeye na mtoto, wote wawili. Adalbert aliisoma, akaikunja, akarudi kwenye orodha ya magunia ya unga aliyokuwa ameianza, akaimaliza. Wenzake walidhani hakuelewa Kifaransa cha telegramu. Alielewa vizuri. Alikuwa anangoja kitu kije, kama mtu aliyejigonga kidole anavyongoja maumivu. Alingoja mpaka saa ya kutoka. Alingoja mazishi yakapita huko mbali, akangoja kiangazi kizima. Kitu hicho hakikuja.

Jumapili moja mwanzoni mwa mwezi wa tisa, baada ya misa ya pili, alikwenda na albamu yake kwa Alexis. Alexis alikuwa mtu wa Kasai, siku za kazi akiuza vitambaa, Jumapili akiuza stempu kwenye baraza ya nyumba yake, na siku zote akiuza maneno.

"Weye, ndugu," Alexis alisema, akifungua albamu, "unaniuzia kama muntu mwenye kuhama. Unahamia wapi? Bruxelles?"

"Sihami."

"Basi kaa, nikuibie vizuri, ukiwa unaangalia."

Alichukua koleo lake dogo, akainua stempu zenye picha ya michikichi moja moja kwenye mwanga. Zilikuwa za rangi ileile na bei ileile, lakini Adalbert alikuwa amezipanga safu mbili: huku zile ambazo jina la koloni limeandikwa kwa Kifaransa juu na Kiflama chini, kule zile zilizogeuzwa.

"Bantu wengi hawaone hii," Alexis alisema. "Wanazichanganya zote kama maharagwe."

"Brigitte ndiye aliyeona."

Alexis alikohoa kidogo, akarudi kwenye biashara. "Ukurasa muzima, faranga makumi ine."

"Sawa."

"Hapana sawa! Bishana basi! Bantu ya Katanga, hata kubishana hamujue. Haya, makumi tano, sababu minaona haya."

Alipogeuza ukurasa wa mwisho, bahasha moja iliteleza kutoka nyuma ya albamu ikaanguka sakafuni. Alexis aliiokota kwa vidole viwili, akaisogeza karibu na jicho, akapiga mluzi.

"Kisambala! Weye unalala juu ya kintu hii?"

"Ni michikichi tu. Stempu ya kila siku."

"Tembre iko bei ya karanga, ninajua. Muhuri, ndugu! Angalia muhuri. Ile posta ilifunguliwa mwezi wa kwanza, mwezi wa nane mugodi ukafungwa, na posta nayo. Miezi munane tu, basi! Kuko Madame moja kule mujini, Madame Simone, anakusanya mihuri ya Katanga yote, kila posta. Ameniuliza Kisambala mara tatu. Na anataka anveloppe nzima, haikukatwa, haikuloweshwa. Uko na ingine?"

"Zilikuwa sita. Nilizilowesha."

Alexis alishika kichwa kwa mikono miwili kama mtu aliyefiwa, kisha akakumbuka yuko mbele ya nani, akaishusha mikono.

Adalbert alizilowesha kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa. Bahasha inawekwa kwenye beseni, gundi inalegea, stempu inaelea, inainuliwa kwa koleo na kukaushwa juu ya gazeti. Bahasha, pamoja na nusu ya muhuri, inatupwa. Albamu ilikuwa na vyumba vya stempu. Haikuwa na chumba hata kimoja cha bahasha. Barua sita za Brigitte alikuwa amezisoma na kuziweka kwenye kopo la biskuti, na bahasha zake zote zilipita kwenye beseni. Hii ya saba ilifika siku tisa baada ya telegramu. Hakuilowesha. Aliiweka tu.

Alexis aliigeuza bahasha upande wa nyuma ili aangalie muhuri wa kupokelewa, na hapo mzaha ukamkatikia mdomoni.

"Ndugu. Haikufunguliwa."

"Hapana."

"Utaiuza hivi?"

"Mpelekee huyo Madame. Tutagawana."

"Mimi? Aa-a." Aliirudisha mezani, akaisukuma taratibu kwa kidole. "Mimi ninauza tembre. Hii, nenda mwenyewe."

Jumamosi iliyofuata Adalbert alitoka kazini mchana, akanawa, akavaa shati jeupe. Dada yake mkubwa, Laurentine, ambaye Adalbert alimwita Yaya, na ambaye tangu msiba alikuwa akija kila siku ili angalau mtu ampikie, alimtazama akiweka bahasha katikati ya kitabu ili isipinde.

"Alexis aliniambia," Laurentine alisema. "Ni kweli? Unaenda kuuza kinywa cha muntu kabla hajasema?"

"Yaya, barua haiwezi kubadilisha kitu."

"Nani alikuambia barua ni ya kubadilisha? Barua ni ya kusoma. Kama ningejua kusoma, ningekunyang'anya."

Adalbert alikifunga kitabu, akakitia kwapani. Maneno hayo hayakumsumbua.

Alivuka kuingia mjini kwa Wazungu kwa miguu, chini ya jua la mwisho wa kiangazi, moshi wa majani yanayochomwa ukining'inia juu ya mapaa. Madame Simone alikuwa mjane wa mhandisi, mwenye nywele nyeupe na Kiswahili alichojifunza kwa wapishi, kwa hiyo kila alichosema kilitoka kama amri hata pale alipotaka kuwa mpole.

"Wewe kaa. Onyesha."

Adalbert alikaa kwenye kiti cha baraza, akatoa bahasha. Madame aliipokea kwa kingo zake, bila kugusa uso, jinsi Adalbert mwenyewe alivyompa. Alishika kioo cha kukuzia. Aliupitia muhuri herufi kwa herufi.

"Hii muhuri," alisema mwishowe. "Nani napiga hii?"

"Karani wa posta, Madame."

"Hapana. Karani napiga kama anaua nyoka. Hii naweka gazeti chini. Nafuta muhuri kwanza. Napiga mara moja. Nusu juu ya timbre, nusu juu ya enveloppe, herufi yote nasomeka. Kuko muntu alisimama pale, alimwambia: fanya hivi, fanya hivi."

Adalbert alimjua mtu huyo. Yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha Brigitte maneno hayo, gazeti chini, futa kwanza, piga mara moja, siku ile lori la kumpeleka Kisambala lilipokuwa linapakia, naye akacheka akasema karani wa Kisambala atamfukuza kama mbwa. Adalbert aliyakumbuka yote haya kama mtu anayesoma orodha ya mizigo: kipo, kipo, kipo.

"Mia sita," Madame alisema. Kisha akaigeuza bahasha. "Barua iko ndani?"

"Iko."

"Wewe ulisoma?"

"Hapana."

"Ya nani?"

"Ya mke wangu. Alikufa."

Madame alivua miwani, akaiweka juu ya meza, karibu na wembe wake wa kukatia karatasi.

"Mimi nakuambia kweli," alisema, "sababu wewe iko collectionneur, muntu ya kukusanya, na mimi iko collectionneur. Bila kufungua, mia sita. Ukikata, mia tatu. Ni hivi. Si mimi nafanya bei."

Mia sita zilikuwa fedha nyingi kuliko albamu nzima. "Mia sita," Adalbert alisema.

Madame akafungua albamu yake, kubwa kama kitabu cha misa. Kulikuwa na ukurasa tayari umepigwa mstari kwa wino, na chini yake, kwa mwandiko mzuri, neno *Kisambala*, na juu ya neno hilo, pengo. Akaiweka bahasha pale. Ilienea kamili. Kutoka alipokaa, Adalbert aliona mwandiko wa Brigitte ukiwa kichwa chini: *Mumba Adalbert, CLERC*. Neno *clerc* lilikuwa kubwa kuliko jina lenyewe. Siku zote aliliandika hivyo, na Adalbert alikuwa akimkataza, akisema watu wa posta watamcheka. Bahasha ililala chali, safi, imetulia. Ingebaki hivyo. Watu wangekuja kunywa kahawa, wangeonyeshwa muhuri, na hakuna hata mmoja ambaye angefikiri kuwa kitu hiki kina ndani.

"Madame," alisema, "naomba wembe."

Madame aliutoa wembe kwa upande wa mpini.

Adalbert alikata ubavu mfupi, ukanda mwembamba kama unywele. Hakuwahi kukata kitu vizuri namna hiyo maishani mwake. Akatoa karatasi moja iliyokunjwa mara mbili, akasoma palepale.

*Mume wangu, salamu sana. Mimi niko muzima, ni miguu tu inavimba. Mvua inaanza kuisha. Mama alikuchungia kuku, lakini ile kuku ilikuliwa na muntu, tunamujua, hatuseme. Uzi uliyonitumia ni wa kijani, miye nilisema buluu, lakini si kitu. Unisalimie Mama Annie wa kule kwenye bomba, umuambie sikusahau sufuria yake. Unisalimie Chomba wa baiskeli na bibi yake na ile mutoto yake mwenye kulia. Unisalimie Alexis, umuambie aache kukuibia. Unisalimie Yaya Laurentine, umuambie uyoga wake ninaukausha. Usirukie hata mumoja, sababu ninakujua, unasema ndiyo halafu unakaa na tembre zako. Miye wako, Brigitte.*

Alirudia mara ya pili. Alingoja. Maumivu hayakuja, hata sasa. Kilichokuja kilikuwa kidogo na kigeni: aibu, aibu ya kawaida kabisa, ile ya mtu aliyepewa salamu azifikishe naye akazikalia. Kwao barua ikifika asubuhi, kabla jua halijazama kila aliyetajwa ameshapata salamu yake; hata mlevi hukumbuka. Yeye alikuwa amezikalia zaidi ya miezi minne. Mama Annie alikuwa anapita mbele ya mlango wake kila siku na ndoo kichwani, bila kujua kwamba amesalimiwa.

Akasimama.

"Mia tatu iko sawa?" Madame aliuliza.

"Nisamehe, Madame. Nimetumwa."

"Nani nakutuma?"

Lakini Adalbert alikuwa ameshairudisha barua ndani ya bahasha na kuitia yote mfukoni, bila kuishika kwa kingo.

Bombani kulikuwa na foleni ya ndoo. Mama Annie, mwanamke mnene wa Bukama ambaye sauti yake ilisikika mitaa miwili, alikuwa anawagombeza wasichana waliotaka kumtangulia. Adalbert aliitoa bahasha mfukoni, akasimama mbele yake na shati lake jeupe lililolowa jasho.

"Mama Annie. Brigitte anakusalimia."

Bomba liliendelea kumwaga maji. Wanawake wakatazamana, mmoja akafunga mdomo kwa kanga. Mama Annie alimwangalia machoni, kwanza kwa hofu, jinsi mtu anavyomwangalia aliyepotewa na akili. Kisha akaiona bahasha mkononi mwake.

"Barua ilichelewa," Adalbert alisema. "Ni mimi niliyechelewa. Anasema hakusahau sufuria yako."

Mama Annie aliweka ndoo chini. Alijifuta mikono yote miwili kwenye nguo, polepole, kama anayetaka kupokea kitu.

"Nimeitika," alisema. Na kwa kuwa salamu ikiitikiwa huulizwa, akauliza: "Iko muzima?"

"Alikuwa mzima. Ni miguu tu ilikuwa inavimba."

"Eeh. Mimba ya kwanza." Mama Annie alitikisa kichwa. Midomo yake ilicheza kabla maneno hayajatoka. "Umuambie ile sufuria abaki nayo."

"Nitamwambia," Adalbert alisema.

Akafungua barua tena, palepale katikati ya ndoo, aangalie jina linalofuata. Lilikuwa la Chomba wa baiskeli. Kwa Chomba ni mbali, na jua lilikuwa limeanza kuinama. Wanawake walimsogezea ndoo zao apate njia.