Alhamisi ya Muuguzi Anisia

Kila siku saa tisa na nusu alasiri, Anisia alinawa mikono, akahesabu mikasi ya chumba cha kuzalishia, akaandika ripoti ya zamu, kisha akaketi kwenye benchi la barazani kusubiri kengele ya baiskeli ya Luka. Luka alikuwa muuguzi mwenzake. Kijiji cha Nyabusanda, kati ya Ushirombo na machimbo ya dhahabu, kilikuwa na zahanati moja, na zahanati ilikuwa na wao wawili.

Alhamisi ile, badala ya kengele, ililia simu.

"Luka amehamishiwa mjini tangu asubuhi," alisema Mama Violeth, msimamizi wa wauguzi wilayani. "Huku tuna upungufu mkubwa. Lakini wewe ni hodari, Anisia. Hakuna tatizo?"

"Hakuna, mama."

Anisia alikuwa mtu wa haya. Tangu aajiriwe, hakuwahi kulijibu swali hilo kwa namna nyingine.

Alirudi kwenye daftari la ripoti. Chini ya ukurasa kulikuwa na mistari miwili ya sahihi, mmoja wa anayekabidhi zamu na mwingine wa anayepokea. Chuoni walifundishwa kwamba muuguzi haondoki kabla mstari wa pili haujajazwa. Akatia sahihi kwenye mstari wa kwanza. Wa pili ukabaki mtupu, na kwa kuwa zamu ya mchana haikukabidhiwa, mchana nao haukuisha. Jua lilifika usawa wa mnara wa simu, kimo cha saa kumi hivi, likasimama hapo.

Wa kwanza kuona alikuwa jirani, Mama Mayala, aliyekuwa ameanika michembe juu ya majabali nyuma ya zahanati.

"Leo jua lina adabu," alisema, akageuza vipande vya viazi upande wa pili.

Saa ya ukutani iliendelea kuzunguka kama kawaida. Ilipofika saa sita usiku, vijana walikuwa bado wanacheza mpira. Kuku walipanda kulala wakiwa wamefumba macho. Wazee waliacha kusalimiana "ng'wangaluka", salamu ya asubuhi, wakabaki na "ng'wadila" ya alasiri, na hakuna aliyeona shida, maana ile ya asubuhi haikuwa na kazi. Michembe ilikauka vizuri kuliko mwaka wowote.

"Sisi huko chini hatuna habari," alisema Telesphori, mchimbaji aliyeletwa na kidole kilichopondwa na jiwe. "Kwenye duara, ndani ya shimo, ni giza tu. Ila nikitoka nakuta bado mapema, basi narudi tena. Unadhani kidole kimepondwaje?"

"Kaa utulie, baba," alisema Anisia, akamfunga bendeji.

Watoto wanne walizaliwa, wote tarehe moja. Anisia alilala kwa dakika kumi kumi, ameegemea kabati la chanjo, mpaka Mama Mayala agonge dirisha kumwambia kuna mgonjwa. Mara moja alipima presha ya mkono wa kiti, akaiandika, ikawa nzuri. Mara nyingine alisoma jina la dawa mara tatu kabla ya kulielewa. Hilo hakumwambia mtu.

Likizo yake ilikuwa imekubaliwa kuanzia Ijumaa. Jumamosi alikuwa anaolewa Chato na Wilbard, mwalimu wa hesabu. Aliweka haya kando, akapiga simu wilayani.

"Huko kwenu ni lini?" aliuliza Mama Violeth.

"Alhamisi, mama."

"Basi likizo bado. Na nafasi ya Luka tutaijaza tukipata taarifa yako ya upungufu. Si unajua taarifa hiyo hujazwa mwisho wa siku? Hakuna tatizo?"

"Hakuna, mama."

Jumamosi, kwa saa ya Wilbard, basi dogo lililopambwa maua lilitoka Chato likiwa na kwaya, ndoo sita za sato na Padre Pantaleo. Lilivuka kalavati la mpaka wa kijiji asubuhi, likatokea upande wa pili alasiri. Dereva akashusha kizuia jua, akaendelea.

"Kwetu ni Jumamosi," alisema Wilbard.

"Huku bado Alhamisi," alisema Anisia.

"Nimesikia. Ndiyo maana nimekuja na chakula."

Aliomba daftari, akajaribu kutia sahihi kwenye mstari wa pili. Wino haukushika. Akajaribu kalamu ya padre, nayo ikakataa.

"Hukusomea," alisema Mama Mayala. "Ungekuwa unapokea chaki, hapo sawa."

Padre alitazama saa yake, akatazama jua.

"Ndoa ilitangazwa kwa Jumamosi," alisema. "Basi bwana harusi ataoa Jumamosi, na bibi harusi ataolewa Alhamisi. Mungu anazo zote."

Ndoa ikafungwa uani. Anisia alisema "nakubali", akavaa aproni juu ya gauni jeupe, akaingia ndani kumzalisha Mama Blessing aliyekuwa ameanza kusukuma. Kwaya ilipunguza sauti. Ulipofika ubeti wa nne mtoto akalia, na vigelegele vikapigwa vya harusi na vya uzazi kwa pamoja.

Mama Violeth naye alikuwa amekuja, na hati ya pongezi kwenye fremu. Aliisoma mbele ya wageni: kwa Muuguzi Anisia, kwa kuhudumu zamu moja bila kasoro. Watu wakapiga makofi. Basi lilikuwa limewashwa. Wilbard alishika begi la mkewe karibu na mlango, kana kwamba Anisia angeweza kupanda.

"Hodari wetu," alisema Mama Violeth. "Hakuna tatizo?"

Anisia alitazama daftari lililokuwa wazi dirishani.

"Lipo, mama," alisema taratibu.

"Litaandikwa," alisema Mama Violeth kwa upole, akampigapiga begani. "Mwisho wa siku."

Dereva akazima gari. Wilbard alirudisha begi barazani, akavua koti la harusi, akaketi kwenye benchi. Mama Mayala alikwenda kugeuza michembe. Jua lilikuwa palepale kwenye mnara. Anisia hakuketi. Alivuta pumzi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka majabalini:

"Mimi si hodari, mama. Niko peke yangu. Nimechoka, na nataka mwenzangu."