Uzi wa Kijani Mtutuni

"Dada yako amenijazia baruti mara mbili. Kwani kuna nini kingine?"

"Hajafanya hivyo."

"Wewe ulikuwepo?"

"Sikuwepo. Ila yeye namjua, na wewe nakujua, Mjomba."

Mjomba akaninyooshea mkono uliofungwa bendeji, utadhani huo mkono ndio shahidi. Bunduki yake ilikuwa juu ya meza ya karakana yetu, mtutu umechanika kama ganda la ndizi. Alishapita kwa walinzi wa mashamba akiwaambia wasilete tena maganda yao ya risasi kwa dada. Na bila walinzi, sisi hatuna mteja.

Tangu baba afariki, dada ndiye aliyetulisha kwa kazi hiyo. Anachukua ganda lililokwisha kupigwa, anaweka fataki mpya ya kuwashia baruti, anapima baruti, anashindilia kizibo, anamimina marisau, zile punje za risasi, anakunja mdomo wa ganda. Akiwa anapima, usimsemeshe. Niliwahi kumsemesha, akaimwaga baruti yote, akaanza upya, mimi akanitoa nje. Nilinuna siku nzima. Kumbe ndiyo siku niliyojua kwamba mkono wake haukosei.

Dada, aliyekuwa pembeni akisikiliza, hakubishana. Aliuliza tu, "Risasi zilizobaki ziko wapi?"

Mjomba akazitoa mfukoni. Dada akashusha bunduki ya baba ukutani, akaenda nyuma ya nyumba, akazipiga zote kwenye tuta la mchanga, moja moja, shavu kwenye kitako, bila kupepesa macho. Mjomba, kwa mkono mmoja aliobaki nao, akaziba sikio moja.

Mtutu wa baba ukabaki mzima.

"Labda ni ile moja tu," Mjomba akasema, sauti imeshapungua.

"Baruti ikizidi, bunduki inapasukia nyuma, pale risasi inapokaa. Yako imepasukia mbele. Kulikuwa na kitu kimeziba," dada akasema.

Mimi kutulia siwezi. Nikachukua koleo, nikaanza kuchokoa kwenye chuma kilichochanika. Ukatoka uzi, umeungua nusu. Nusu nyingine ilikuwa ya kijani, na kipande cha kitambaa chenye ua la njano kimening'inia. Ua hilo nimelitazama tangu utotoni, kila tulipokula sebuleni kwa Mjomba. Pazia lake la maua hayo lina kona iliyokatwa.

"Mjomba, ili nyigu wasijenge mtutuni, huwa unauziba kwa kitu gani?"

Akakohoa. "Nguruwe walikuwa wameingia kwenye mahindi. Nikakurupuka, nikapiga hivyohivyo." Kisha akajitetea, "Babu yenu ndiye aliyenifundisha kuziba."

"Na kuzibua alikufundisha nani?"

Dada akanitazama, nikafunga mdomo. Akauchukua ule uzi, akamwekea Mjomba kwenye kiganja kizima.

"Pole na mkono, Mjomba. Walinzi utawaambia mwenyewe."

Mimi ningepiga kelele mtaa mzima usikie. Yeye akafuta masizi mikononi, akageuka, akarudi ndani kwenye mizani yake. Sikumfuata. Alikuwa anakwenda kupima.