Mkorosho wa Agatha

Makrina alitaka jambo moja tu katika kijiji watakachohamia: akiita, mtu asikie. Mengine yote, barabara, umeme, umbali wa kufika Ruangwa mjini, alimwachia mumewe Gwakisa, maana Gwakisa ni fundi bomba, na yeye ndiye atakayekwenda na kurudi kila siku. Lakini hilo moja hakumwambia. Alikuwa mtu wa haya. Tangu alipoacha shule darasa la tano akabaki kijijini kwao, wilayani Nachingwea, kumwuguza mama yake, maneno yake mengi yaliishia kooni.

Mwaka juzi, katika chumba walichopanga mjini, mimba yake ya kwanza ilitoka mchana kweupe. Upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wanacheka na redio yao. Angegonga wangekuja. Aliona aibu kuwagongea watu ambao hata majina yao hakuyajua, akauma khanga mpaka Gwakisa aliporudi. Sasa mimba nyingine ilikuwa na miezi mitano, na Gwakisa mwenyewe ndiye aliyesema, "Tutafute kijiji. Mimi nitakuwa naenda na kurudi."

Walianzia Nanganga. Kiwanja kilikuwa kizuri, lami hiyo hapo, gari halikosekani. Gwakisa alikipima kwa hatua huku akitabasamu. Makrina aliyatazama magari yakipita kwa kasi, akajiuliza sauti yake itafika wapi.

"Unapaonaje?"

"Pazuri."

"Pazuri hiyo naijua," Gwakisa alisema. "Ndivyo ulivyosema juu ya vile viatu vilivyokubana."

Jumamosi iliyofuata wakaenda upande wa Narung'ombe. Pikipiki ilikula karibu saa nzima kwenye vumbi, na Gwakisa akanung'unika kwamba masika atakuwa anafika kazini amevaa tope. Mzee Hasani, mwenyekiti wa kitongoji, aliwapokea, wakaiacha pikipiki kwake na kumfuata kwa miguu kwenda kwa Bibi Mwanabibi, mwenye kiwanja.

Ulikuwa msimu wa korosho. Njia ilipita katikati ya mikorosho, na mabibo, yale matunda yanayobeba korosho, yalikuwa yameanguka kila mahali, mekundu na ya njano. Gwakisa aliokota moja, akalinyonya, maji yakamchuruzika mpaka kwenye shati. Kisha akainyofoa korosho yake na kuitia mfukoni. Kwao milimani Mbeya hakuna mikorosho, na kwake kitu kilichoanguka njiani ni cha aliyekiokota. Akaokota bibo la pili, la tatu, la nne.

Makrina aliona. Nyumbani kwao hata mtoto wa miaka mitatu anajua: bibo kula ushibe, korosho iache pale pale chini ya shina, ni ya mwenye mti. Alitaka kusema, lakini Mzee Hasani alikuwa mbele yao hatua chache tu, angesikia. Akanyamaza. Akakazana kuutazama mkorosho yalikoangukia, wenye tawi lililoinama mpaka chini, na korosho zilizolundikwa shinani na wapita njia.

Bibi Mwanabibi alikuwa anaanika korosho zake kwenye mkeka. Aliwaletea viti, akawauliza majina na walikotoka, kisha akamtazama Gwakisa tangu juu mpaka chini.

"Kumbe mkwe wetu ni Mnyakyusa. Hapa hatuna ndizi, utakula nini?"

"Nitakula mtakachokula, Bibi."

"Naona umeshaanza. Mfuko wako unatoa machozi."

Gwakisa alitazama doa lililokuwa linaenea kwenye mfuko wa shati, akacheka. Peke yake. Mzee Hasani alikohoa. Bibi akarudi kwenye mkeka wake na kuanza kuzigeuza korosho moja moja.

"Kiwanja kipo," alisema bila kuinua macho. "Lakini wanangu wako mbali, sijawauliza. Njooni siku nyingine."

"Haina shida, Bibi," Gwakisa akajibu kwa furaha. Hakuelewa. Makrina alielewa kwamba siku hiyo nyingine haipo. Alishika tumbo.

"Bibi," alisema. Sauti ilitoka ndogo, akaanza upya. "Bibi, huyu hajui. Kwao hakuna mikorosho. Mimi najua, na nilimwona nikanyamaza. Kosa ni langu."

Alitia mkono katika mfuko wa mumewe, akatoa korosho nne, akarudi njiani. Aliupita mkorosho wa kwanza na wa pili, akasimama kwenye ule wa tawi lililoinama. Akaziweka shinani pamoja na zile nyingine.

Bibi Mwanabibi alikuwa amemfuata polepole.

"Unajua mti huu ni wa nani?"

"Sijui, Bibi."

"Wa Agatha. Yuko hospitali wiki ya tatu hii. Hakuna anayelinda hapa." Akaligusa lile lundo kwa kidole cha mguu. "Na wewe, mbona ulinyamaza?"

"Naona haya kusema mbele ya watu."

"Na uchungu ukikushika, mumeo yuko mjini, utaona haya pia?"

Machozi yalimtoka Makrina, na Bibi akayafuta kwa upindo wa khanga yake mwenyewe, kama anamfuta mtoto makamasi.

"Kiwanja kinaanzia pale kwenye jiko langu," alisema. "Ukigonga mwiko kwenye sufuria, nimefika."

Waliporudi uani Gwakisa hakuwepo. Mzee Hasani alisema ameshamweleza kila kitu, hata mti ni wa nani, naye Gwakisa akajipekua, akakuta korosho ya tano kwenye suruali, akaondoka nayo bila kuaga.

"Mwite," Bibi alimwambia Makrina.

"Atarudi tu."

"Nimesema mwite. Nataka nikusikie."

Makrina alivuta pumzi. Akaita jina la mumewe, akashangaa jinsi lilivyokwenda mbali kati ya mikorosho. Kabla Gwakisa hajajibu, mwanamke asiyemjua aliitikia kutoka nyumba ya upande wa kulia:

"Yuko huku kwenye njia ya shambani, anatafuta mti wa Agatha!"

Na kutoka nyuma ya jiko la Bibi, mwingine akauliza, "Nani anaita? Kuna nini?"

"Hakuna kitu," Bibi aliwajibu wote. "Ni jirani yetu."