Nyumba Arobaini za Shituru

Mwadi Tshimanga aliondoka mtaani kwetu Shituru na wazazi wake miezi mitatu iliyopita. Ninamkumbuka kila siku, na mimi mwalimu mzima wa hesabu sijapata hesabu ya kupunguza hilo.

Ilianza na sauti ya mtu asiyejitaja, iliyorushwa kutoka simu hadi simu: eti kuna orodha ya nyumba zetu hizi za zamani za kampuni ya migodi, na zitagawiwa watu wanaotoka mkoa wa Kasai. Wazazi wa Mwadi asili yao ni Kasai. Yeye amezaliwa hapa, huko hajawahi kufika. Posa yangu ilikuwa imepokelewa, tukawa tunangoja ndoa ya Agosti. Lakini baba yake aliona majirani wenye asili hiyo wakifukuzwa miaka ya tisini kwa maneno ya namna hiyo hiyo, naye akaanza kufunga mizigo.

Nikamwambia Mwadi amsihi mzee angoje. Uvumi ni kama surua, nilimweleza: kuna wasiosikia bado, kuna walioamini na wanaueneza, kuna waliochoka nao. Ukijua kila anayeamini anawaambukiza wangapi kwa juma, unachora mstari na kuiona siku uvumi utakapoanza kushuka. Nilisema kwa kujiamini sana, maana mwalimu akishika chaki nani atambishia? Mzee akakubali kungoja majuma matatu. Nilichokosa ni namba tu.

Jumamosi nikachukua daftari, nikapita nyumba arobaini za mtaa wetu. Kila mlango niliandika namba yake, kisha nikauliza: je, umesikia habari za orodha, hiyo inayoitwa liste? Tisa walisema ndiyo. Kwa mstari wangu, juma la pili wangefika kumi na wanne. Jumamosi iliyofuata nikakuta thelathini na mmoja. Nikafuta, nikakokotoa upya, nikapita tena. Mama Henriette, mjane wa nyumba ya kona, alinipokea kwa heshima ya ajabu, akanipa kiti, akaniomba polepole nyumba yake niiandike mwisho. Nikadhani ananitania. Nikaandika "anaamini", nikaaga.

Aliyenifumbua macho ni Mwadi. Alinifuata shuleni mchana, akakataa kukaa.

"Damas, ile liste bantu banasemaka, ni daftari yako," alisema. "Mama Henriette alikuwa hayasikia bado kitu. Weye njo ulimuuliza, na ukaandika numéro ya nyumba yake."

Nikaanza kumweleza kwamba anayeuliza hahesabiwi miongoni mwa waenezaji, nikaishia katikati. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na mimi nilikuwa bado nimeshika kalamu. Akasema baba yake amekata tiketi za kesho. Nilitaka kumshika mkono, nikaona haya mbele ya wanafunzi, na hilo nalo ninalijutia mpaka leo.

Kila Jumapili baada ya misa nampigia simu. Jana nilisema wazi: rudi, nyumba bila wewe haikaliki, na mtaa sasa umetulia, watu wameanza kulisahau jambo lile.

Akauliza, bila hasira:

"Ulirudia mu zile manyumba, ukabaambia liste ilikuwa ya weye?"

Ni nyumba arobaini tu, kazi ya asubuhi moja. Sijagonga hata mlango mmoja.