Mukimo Kabla ya Mchezo

Mwaka wa themanini na moja, timu yetu ya raga, Randa ya Gikomba, ilipigwa Jumamosi sita mfululizo. Sisemi tulishindwa; tulipigwa. Mimi Njogu, seremala wa vitanda, ndiye niliyekuwa kapteni, na kila Jumatatu mafundi wenzangu walinipa pole kana kwamba nimefiwa.

Lawama nilijua pa kuzitupa. Winga wetu Gedi, kijana wa Eastleigh, mwembamba kama ufito, aliudondosha mpira kila alipopewa. Nilimwambia mbele ya watu kwamba mikono yake imepakwa samli. Alicheka tu, nami nikazidi kukasirika.

Aliyechoka kuliko sisi sote ni mke wangu Jecinta. Desturi ya raga ni kwamba mchezo ukiisha, mwenyeji huwalisha wageni, na sufuria ilikuwa yake.

"Baba Wangeci," aliniambia Ijumaa, "mimi sipikii tena watu wanaotoka kumkanyaga mume wangu. Kesho msiposhinda, hii sufuria naifunika. Wageni wenu mtawapa maji ya mfereji."

Nilishtuka kweli. Timu isiyolisha wageni haitembelewi na mtu, na bila raga ningebaki kupiga randa na kuota kitambi. Nilimbembeleza mpaka akalegea kidogo.

"Basi kesho watakula kwanza," akasema. "Tuone watakimbia na nini."

Vijana wa benki, wapinzani wetu wa siku hiyo, walifika kiwanjani saa tisa, wakakuta mukimo wa viazi na mahindi unafuka moshi, mchuzi wa mbuzi na chapati.

"Karibuni, mmetoka mbali," Jecinta akawaambia, kwa sauti tamu ambayo sikuwa nimeisikia tangu harusi yetu.

Kapteni wao alichota kijiko kimoja, akasita. "Kwani wenyeji hamli?"

Hilo hatukuwa tumeliwaza. Mgeni akila peke yake huanza kuikagua sahani, na hapo jina lako limeharibika mtaa mzima. Ikabidi tule. Kwa upande wetu Matheka alikula kwa adabu, mchezaji mwenzake Lusweti akaongezwa mara tatu, na refa, asionekane anapendelea upande, alikula na sisi kisha akala na wao.

Gedi peke yake alikaa kando ya mlingoti wa goli.

"Nimefunga, Kapteni. Ni Ramadhani."

Nilifura. Mtu mwenye njaa tangu alfajiri atakimbia na nini? Ningemtoa, ila mtu wa kumi na sita hatukuwa naye.

Sijawahi kuona mchezo kama ule. Tulipoinamana kusukumana, watu kumi na sita walicheua kwa pamoja. Refa alikuwa akipuliza firimbi inatoka pumzi tupu. Ilibaki dakika moja, sufuri kwa sufuri, na pale pembeni Jecinta alikuwa ameshashika kifuniko, ananitazama.

Lusweti, aliyeshindwa kubeba mpira pamoja na tumbo lake, akamtupia Gedi. Nikafumba macho. Nilipoyafumbua alikuwa nao bado, kaukumbatia, anakata mbuga ukingoni mwa uwanja. Mlinzi wa mwisho wa benki alimfuata hatua tano, akainama, akashika magoti. Gedi akauweka mpira chini nyuma ya milingoti: pointi nne. Teke la nyongeza hakuna aliyeweza kuinua mguu kulipiga. Nne kwa sufuri! Nililia, na sioni haya kusema.

Jecinta alipiga vigelegele hadi sauti ikakauka. Jua likawa linazama. Nikamwona Gedi kwenye mfereji, ananawa, nikakimbilia sufuria. Hata ukoko ulikuwa umekwanguliwa. Watu thelathini tulikuwa tumekula, na aliyetuokoa hakuachiwa hata tonge. Aibu ilinishika nikakosa pa kutazama.

"Usisimame hapo," Jecinta akaniambia. "Lete makaa. Na Jumamosi ijayo napika sufuria mbili."

Nikapepea jiko mwenyewe. Chapati ya kwanza ilikuwa bado mbichi adhana iliposikika. Gedi akaja kuchuchumaa kando yangu, akatoa kwenye karatasi tende moja. Alikuwa na hiyo tu. Akaikata katikati, akanipa nusu.

"Chukua, Kapteni. Usiniache nile peke yangu."

Nilikuwa nimeshiba hadi kooni. Nikaila.