Kaniki Tatu za Kwendea Nairobi

Jumatano jioni, baada ya swala ya magharibi, Zohra alimsimamisha Mhoja katikati ya ghala la nguo, akamfunika kaniki moja kuanzia utosini hadi kwenye vifundo vya miguu, akamwambia atulie asicheke. Mumewe Zohra, Mzee Hasham, alisimama hatua nne mbele yao akiwa ameshika kiboksi cha nyuzi za cherehani. Kwa kaniki moja aliweza kusoma namba iliyoandikwa kwenye kiboksi. Kwa kaniki mbili alikiona kiboksi lakini hakuiona namba. Zohra alipoongeza ya tatu, Hasham alipiga hatua moja mbele, akajikwaa kwenye kiti, akaanguka.

"Tatu zinatosha," alisema akiwa sakafuni.

Mhoja alikuwa anawaka. Ilianza mwaka uliotangulia, wiki ile ile mumewe Masalu alipochukuliwa keya, jeshi la Waingereza, kwenda kupigana na Wataliani. Jua likizama, uso, shingo na mikono yake vilitoa mwanga, mwanzoni kama wa kibatari, na baada ya miezi mitatu kama wa karabai iliyopigwa pampu vizuri. Mwanga huo haukuwa na joto wala moshi. Majirani wa Pasiansi, pale Mwanza, walizoea upesi. Wanawake walikuja kwake na nyungo zao kuchambua mchele, na wakunga walimwita uchungu ukimshika mtu jioni. Akiosha vyombo ziwani, furu walijazana miguuni pake, naye akarudi nyumbani na kitoweo. Kero ilikuwa vile vijidudu vya ziwani vilivyomfuata kama wingu, ndiyo maana alikula mapema, kabla jua halijazama.

Kisha ikaja barua ya Masalu. Iliandikwa na mtu mwingine, kwa sababu Masalu hakujua kuandika. Ilisema kwamba yuko hospitali ya wanajeshi mjini Nairobi, mguu umeumia, anakula vizuri, na kwamba wenye ndugu wanaruhusiwa kutembelewa.

Mwanza haikuwa na amri ya giza. Nairobi ilikuwa nayo. Huko taa yoyote iliyoonekana nje ya nyumba baada ya jua kuzama ilikuwa kosa, maana ndege za adui zingeweza kuifuata. Karani wa boma alimsikiliza Mhoja mpaka mwisho, akafungua kitabu cha amri za vita, akasoma kurasa mbili, akamwandikia kibali cha siku kumi na nne. Sharti lilikuwa moja: tangu jua kuzama, mwenye kibali afunikwe, asionekane kutoka angani.

Zohra alikuwa na kaka yake huko, mwenye duka la vyombo, ambaye alikubali Mhoja alale kwenye stoo. Kaka huyo aliandika maelekezo marefu. Mhoja afike mchana. Akitembea gizani aguse ukuta kwa mkono wa kushoto, ahesabu milango. King'ora kikilia aingie handaki lililo karibu, hata kama lina maji. Kibali akiweke kifuani, asikiweke kwenye kapu, kwa sababu makapu ya watu hupotea kwenye mahandaki.

Mzee Ngosha, jirani aliyewahi kubeba mizigo ya jeshi katika vita vile vya kwanza, naye alikuja na maelekezo yake.

"Shikamoo, baba," Mhoja alimwambia.

"Marahaba. Beba chumvi. Mtu akikupigia kelele kwa Kizungu, kaa chini. Akiendelea, lala."

"Na akinyamaza?"

Ngosha alifikiri. "Hilo halikunitokea."

Zohra alishona kaniki zile pamoja mabegani, akaacha tundu dogo la pua na macho, na juu yake akaweka kipande cha kitambaa cha kuteremsha. Usiku wa kuamkia safari alikumbuka kwamba mtu akifunikwa hivyo kwa saa nyingi hupata kiu, akamwongezea chupa ya maji. Asubuhi, kwenye gati la meli, alimfungia chapati kumi na mbili. Mhoja tayari alikuwa na michembe ya viazi vikavu na sato mkavu kwa ajili ya Masalu.

"Dada Mhoja, ukiona huwezi, rudi tu," Zohra alisema.

"Nitaweza."

"Najua. Nimesema tu ili nisilie."

Meli ilikwenda siku mbili hadi Kisumu. Kwenye treni vioo vilikuwa vimepakwa rangi ya buluu, na abiria waliokaa naye walilalamika kidogo kwamba mwanamke aliyejifunika hivyo anachukua nafasi ya watu wawili. Alifika Nairobi saa nne asubuhi, akaiona stoo, akahesabu milango kutoka stoo hadi hospitali mara mbili mchana ili mkono wake uijue njia.

Hospitalini aliambiwa kwamba ndugu wa maofisa huingia saa tisa alasiri. Ndugu wa askari weusi waliokuwa wodi ya sita waliingia saa kumi na mbili na nusu, wakatoka saa moja na nusu. Wodi ya sita haikuwa na taa. Ilikuwa na madirisha manane yasiyo na mapazia, kwa hiyo kuwasha taa humo kulikatazwa. Giza likiingia, watu waliwatafuta ndugu zao kwa sauti. Mama mmoja kutoka Machakos alikuwa amekaa siku tatu akimlisha uji mtoto wa mtu mwingine, na walipogundua waliamua waendelee, kwa sababu walikuwa wameshazoeana.

Mhoja alisimama mlangoni. "Masalu!"

Wakaitika watatu.

"Masalu wa Pasiansi."

"Mimi," ilisema sauti moja upande wa kushoto. "Njoo polepole. Kuna watu sakafuni."

Alikwenda akipapasa. Alipofika aliinua ukingo wa kaniki, upana wa kiganja tu, akamwona. Alikuwa amekonda, ndevu zimeota ovyo, na mguu wa kulia uliishia gotini. Barua haikusema hivyo. Masalu alimtazama shingoni kwa muda.

"Ni kweli basi," alisema. "Nilidhani aliyenisomea barua yako amekosea."

"Mwanga umeongezeka tangu nilipokuandikia."

"Naona." Akamshika mkono, vidole vyake vikawa vyekundu kwa mwanga uliopita ndani yake. "Unapendeza."

Mtu wa kitanda cha pili aliomba amulikiwe kikombe chake, maana kila jioni alikipindua akikitafuta. Wa kitanda cha tatu aliomba amulikiwe bandeji. Haikuwa imefunguliwa kwa siku tano, na waliokuwa karibu waliona hivyo. Wengine sasa walikuwa wamejiinua kwa viwiko. Walikuwa arobaini na mmoja, vitanda vilikuwa ishirini na sita.

"Anza na wao," Masalu alisema. "Mimi nimeshakuona."

Mhoja akavua kaniki zote tatu.

Haikupita robo saa, akaja bwana wa zamu, Mzungu mwembamba mwenye kofia ya chuma na daftari. Hakupiga kelele, kwa hiyo Mhoja hakukaa chini.

"Mama, taa hii inaonekana hadi barabarani," alisema kwa Kiswahili. "Haina pazia."

"Bwana, mimi pazia ninalo. Nyumba ndiyo haina."

Bwana wa zamu aliyatazama madirisha, akakubali. Alieleza kwamba mapazia ya wodi ya sita yaliombwa mwezi wa nane, yakaja, yakatundikwa kwenye chumba ambamo maofisa hucheza karata. Aliyasema hayo bila kuona haya na bila kuudhika. Kisha akamwomba ajifunike.

Wodi ilikuwa na dresa mmoja wa kufunga vidonda, Msukuma wa Magu aliyeitwa Shimba. Kesho yake saa tisa alimpitisha Mhoja kwa mlango wa jikoni, akamletea misumari. Wakazifumua kaniki alizoshona Zohra, wakazipasua, wakaziba madirisha yote manane. Jua lilipozama, Mhoja aliketi kwenye ndoo katikati ya wodi, mikono wazi. Shimba alifungua bandeji moja baada ya nyingine, akasafisha, akafunga upya. Waliokuwa wanakunywa maji walikunywa bila kumwaga. Askari mmoja wa Kitui alisomewa barua ya mkewe mara nne. Mama wa Machakos alimwona kijana wake wa uji, na akasema ndivyo alivyomdhania.

Kwa kuwa hakuweza tena kutembea mjini bila kaniki, Mhoja alilala palepale, chini ya kitanda cha Masalu, na mwanga wake ukatoka kando ya kitanda kama maji. Masalu aliteremsha mkono, akauacha begani mwa mkewe mpaka asubuhi. Bwana wa zamu alizunguka nje, hakuona kitu, akaingia, akaandika kwenye daftari: *Wodi ya sita, taa moja.* Akaaga kwa adabu.

Ikawa hivyo jioni nane. Kisha kibali kikaisha. Masalu hakuruhusiwa kuondoka, kidonda kilikuwa hakijafunga. Mhoja alizing'oa kaniki, akazishona kwa mkono kitandani pa Masalu, mshono mbaya ambao Zohra angeucheka, akazivaa. Askari walimuaga mmoja mmoja kwa kumtaja jina, na alipofika mlangoni bado walikuwa wanamuaga, ingawa hawakumwona tena.

Masalu alirudi Mwanza miezi mitano baadaye, kwa gongo. Alijifunza kulala akigeukia ukutani, na akajifunza kuvua furu kwa kikapu akiwa amekaa, Mhoja akisimama majini mbele yake. Walikuwa na raha, na majirani waliwatania kwa kuwa nayo.

Mwaka uliofuata Shimba alipata likizo, akapita Pasiansi kuwasalimu. Walimkaribisha samaki. Alisema wodi ya sita imeomba taa na mapazia mara tatu, na mara zote jibu lilikuwa kwamba daftari linaonyesha taa ipo.

"Taa gani?" Mhoja aliuliza.

"Wewe."

"Si ungewaambia kwamba niliondoka?"

"Niliwaambia. Wakamtuma bwana wa zamu akague. Akasimama nje jioni, akayatazama madirisha yote manane, hakuona mwanga hata kidogo. Akaandika kwamba taa imefunikwa vizuri sana."

Masalu aliacha kula. Nje vijidudu vya ziwani vilikuwa vimeanza kujigonga mlangoni. Shimba aliisogeza sahani yake karibu na mkono wa Mhoja ili aone miiba, akaendelea kula.